Core i5-12400 na Ryzen 5 5600: bei ya prosesa si bei ya mashine

Mtu anayetaka kuunganisha kompyuta ya mezani kwa fedha za wastani hapa Kampala, akishapita maduka kadhaa na kusikiliza maelezo ya wauzaji, kwa kawaida hubakiwa na prosesa mbili za kuchagua: Core i5-12400 ya Intel na Ryzen 5 5600 ya AMD. Zote mbili zilitoka mwaka 2022, ya Intel mwezi wa Januari na ya AMD mwezi wa Aprili. Ingawa kampuni hizo zimekwisha kutoa vizazi vipya zaidi, hizi bado zinatafutwa kwa sababu zinakubali RAM ya DDR4, zinakaa kwenye ubao mama wa bei nafuu, na nguvu zake zinatosha kwa kazi nyingi za ofisini na nyumbani. Nimeombwa ushauri juu yake na watu wawili wenye mahitaji tofauti kabisa: rafiki yangu mwenye ofisi ya usanifu na uchapaji katika Barabara ya Nasser, na mpwa wangu anayesoma Makerere, ambaye tayari ana mashine yenye ubao wa AMD wa zamani kidogo. Majibu niliyowapa yanapingana, na katika makala hii nitaeleza kwa nini naona kwamba kila mmoja wao alipata jibu linalomfaa.

Nianze na yale yanayoandikwa na watengenezaji wenyewe. Core i5-12400 ina viini sita (cores) na nyuzi 12 (threads), mwendo wake wa msingi ni gigahezi 2.5 na wa juu ni 4.4, na ina kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya ngazi ya tatu ya megabaiti 18. Ryzen 5 5600 nayo ina viini sita na nyuzi 12, mwendo wa msingi wa gigahezi 3.5 na wa juu uleule wa 4.4, lakini kache yake ya ngazi ya tatu ni megabaiti 32. Zote zimetangazwa kuwa za wati 65, na zote huuzwa zikiwa na feni yake ndani ya sanduku.

Muuzaji asiyependa maswali mengi atakuonyesha 3.5 upande mmoja na 2.5 upande wa pili, kisha atanyamaza ili ujiamulie mwenyewe. Usimfuate. Mwendo wa msingi ni kiwango ambacho mtengenezaji anakihakikisha prosesa inapofanya kazi nzito ndani ya wati zilizotangazwa, wala si mwendo utakaouona mezani kwako. Kwenye ubao wa kawaida wenye feni inayofanya kazi, i5-12400 huendesha viini vyake vyote sita kwenye gigahezi 4.0 bila taabu, na Ryzen 5 5600 hupita hapo kidogo. Jambo lenye uzito zaidi ni kiasi cha kazi kinachofanywa katika kila mpigo mmoja wa saa ya prosesa, na hapo viini vya Intel vya kizazi hicho vinavitangulia vya AMD vya muundo wa Zen 3, vilivyomo ndani ya 5600. Katika kipimo cha Cinebench R23, i5-12400 hupata alama karibu 1,700 kwa uzi mmoja, na Ryzen 5 5600 takriban 1,500. Nyuzi zote zikifanya kazi pamoja, ya Intel hupita alama 12,000 na ya AMD hukaa karibu na 11,000.

Alama hizo zinamaanisha kwamba programu inayotegemea uzi mmoja, kama zilivyo sehemu nyingi za Photoshop na majedwali makubwa ya Excel, itajibu kwa wepesi kidogo zaidi kwenye i5-12400. Nasema kidogo kwa makusudi. Mtu anayetoka kwenye i5 ya kizazi cha nne, ambayo ndiyo imejaa ndani ya mashine zilizotumika zinazoingizwa kutoka ng'ambo, ataona mabadiliko makubwa kwa kuchukua yoyote kati ya hizi mbili, na hataweza kuzitofautisha akifungiwa macho ili asisome jina. Hata ukiziweka ubavuni kwa ubavu, faili la bango lenye tabaka nyingi litafunguka kwa tofauti ambayo mteja anayesubiri karatasi zake hataigundua.

Katika michezo ya kompyuta hali hubadilika kidogo, na sababu yake ni kache. Fikiria muuza rolex, ile chapati ya mayai, mwenye trei ya mayai pembeni ya kikaango chake, na mwenzake anayelazimika kumtuma kijana dukani kila mteja anapofika: wote wawili wanajua kupika, lakini mmoja anapoteza muda akisubiri mayai. Prosesa yenye kache kubwa hupunguza safari za kwenda kwenye RAM, na michezo mingi ina safari hizo kwa wingi. Ndiyo maana Ryzen 5 5600, pamoja na viini vyake vya kizazi cha nyuma, hulingana na i5-12400 katika michezo mingi, ikiishinda katika baadhi na kushindwa katika mingine. Tofauti hizo, hata hivyo, huonekana vizuri pale tu kadi ya michoro inapokuwa ya nguvu nyingi. Mwenye kadi ya daraja la RX 6600 au chini ya hapo atakuta kadi ndiyo inayochoka kwanza, na prosesa yoyote kati ya hizi itakuwa inaisubiri.

Kwa hiyo, kwa upande wa kasi, ningeweza kumwambia yeyote achukue atakayoipata na mambo yakaishia hapo. Kinachonizuia ni kwamba prosesa hainunuliwi peke yake.

Tuchukue bei za uzinduzi, maana zinajulikana. Core i5-12400 ilitangazwa kwa dola 192, i5-12400F (toleo lake lisilo na michoro ya ndani) kwa dola 167, na Ryzen 5 5600 kwa dola 199, ingawa hii ya mwisho ilishuka sana baadaye, hata ikauzwa nje chini ya dola 150. Dola moja tukiihesabu kwa shilingi 3,600, tunapata takriban shilingi 691,000, 601,000 na 716,000 kwa mfuatano huo, kabla ya usafirishaji, kodi na faida ya mwenye duka. Bei za rafuni hupanda na kushuka kufuatana na mzigo uliofika, na mara nyingi nimekuta Ryzen ikiwa rahisi kuliko i5-12400 isiyo na F. Mtu akiishia hapo ataona ameokoa fedha. Swali linalofuata ndilo linalogeuza hesabu: picha itaonekanaje kwenye skrini?

Ryzen 5 5600 haina kabisa sehemu ya michoro ndani yake. Ukiifunga kwenye ubao wenye tundu la HDMI, tundu hilo litabaki pambo tu, na skrini itakuwa nyeusi mpaka uweke kadi ya michoro. Hali ni hiyohiyo kwa i5-12400F, kwa kuwa herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel inaonyesha kwamba sehemu ya michoro imezimwa. Core i5-12400 isiyo na F ina michoro ya UHD 730, ambayo si ya kujivunia mbele ya wachezaji, lakini inaendesha skrini mbili za ofisi, inacheza video za aina zote zinazotumika sasa, pamoja na zile za AV1, na haikulazimu kununua kadi. Mnunuzi wa Ryzen asiye na kadi atalazimika kutafuta hata kadi dhaifu kama GT 710 au GT 1030. Kadi hizo ni za zamani, bado zinauzwa kwa bei isiyolingana na uwezo wake, na zinakula umeme na kuongeza feni nyingine ya kusafishwa vumbi. Akiba aliyoipata kwenye prosesa imekwisha, na pengine amezidisha.

Hapo ndipo ofisi ya Barabara ya Nasser ilipoamuliwa. Kazi yao ni kadi za mialiko, vitabu vya risiti, mabango na kalenda. Wanatumia CorelDRAW, Photoshop na Illustrator, na hakuna hata mmoja wao anayecheza mchezo mzito kwenye mashine ya kazi, au angalau si mbele ya mwenye ofisi. Kwao, i5-12400 pamoja na ubao wa H610 na RAM ya gigabaiti 16 ni mashine kamili, isiyohitaji kadi wala pawa saplai kubwa.

Haki inanitaka niseme kwamba AMD wanayo Ryzen 5 5600G, yenye michoro ya Vega ndani yake, na michoro hiyo ina nguvu kuliko UHD 730. Kijana asiye na uwezo wa kununua kadi, lakini anayetaka kucheza michezo myepesi kwenye picha za kiwango cha chini, atafurahia 5600G kuliko prosesa zote mbili ninazozijadili. Hata hivyo, asidhani kwamba amepata 5600 yenye nyongeza. Kache ya 5600G ni megabaiti 16, nusu ya ile ya 5600, na njia zake za kuwasiliana na kadi ni za PCIe 3.0 badala ya 4.0, kwa hiyo siku atakapoongeza kadi atabaki nyuma ya mwenzake.

Kuna kundi la tatu ambalo nalitaja kwa msisitizo, kwa kuwa mjini hapa lina watu wengi na mara nyingi linashauriwa vibaya: wapiga video za harusi na za kwanjula, yaani sherehe za utambulisho wa wachumba. Baadhi ya kamera mpya za Sony na Canon hurekodi video ya H.265 yenye rangi za biti 10 katika mpangilio wa 4:2:2, na video ya namna hiyo ni mzigo mzito sana kwa prosesa inapolazimika kuifungua kwa nguvu zake yenyewe. Michoro ya UHD 730 ina sehemu maalumu, iitwayo Quick Sync, inayoifungua video hiyo moja kwa moja. Kadi za Nvidia hazikuweza kufanya hivyo mpaka zilipofika za mfululizo wa RTX 50 mwaka 2025. Ndiyo sababu mhariri mwenye Ryzen 5 5600 na kadi nzuri ya miaka michache iliyopita anaweza kukuta Premiere Pro ikikwamakwama anapovuta mstari wa muda, na mwenzake mwenye i5-12400 bila kadi yoyote akipita kwa ulaini. Ni jambo la kushangaza mtu anapoliona kwa mara ya kwanza. Mhariri huyo asikubali kupewa i5-12400F kwa sababu eti tayari ana kadi. Kwa kazi yake, sehemu ile iliyozimwa ndiyo hasa anayoilipia.

Tuje kwenye ubao mama, ambao wengi huununua kwa fedha iliyobaki, na hilo ni kosa. Upande wa Intel, ubao wa bei ya chini ni H610. Una nafasi mbili tu za RAM, hauruhusu kuipandisha RAM juu ya kasi iliyowekwa, na diski ya NVMe hupita kwenye njia za PCIe 3.0, lakini tundu la kadi ya michoro hupata PCIe 4.0. Ubao wa B660 huongeza nafasi na uhuru, na bei pia. Upande wa AMD, ubao wa A520 ndio wa chini, na kila kitu chake ni PCIe 3.0, B450 ni wa zamani zaidi na tundu lake la kadi ni la PCIe 3.0 vilevile, B550 ndio unaotoa PCIe 4.0 kwa kadi na kwa diski ya kwanza.

Mtu anaweza kuuliza kama tofauti hiyo ya njia ina maana yoyote. Kwa kadi nyingi haina maana kubwa. Kwa RX 6500 XT ina maana kubwa sana, kwa kuwa kadi hiyo ina njia nne tu badala ya 16 na kumbukumbu ya gigabaiti nne. Kwenye ubao wa PCIe 3.0 njia zake hupungua upana kwa nusu, na michezo inayohitaji kumbukumbu zaidi ya hiyo hupoteza kasi kwa kiasi kinachoonekana wazi. Ubao wa H610 wa bei ya chini kabisa unaihudumia kadi hiyo vizuri kuliko A520 au B450. Mwenye nia ya kununua kadi hiyo kwa sababu ya urahisi wake asiiweke kwenye ubao wa zamani.

Mbao za Intel zina mtego mwingine. Core i5-12400 inakubali RAM ya DDR4 na ya DDR5, lakini ubao mmoja hukubali aina moja tu, na mbao mbili zenye majina yanayokaribiana sana zinaweza kutofautiana kwa herufi mbili za mwisho. RAM ya aina moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Bei za RAM zilipopanda kwa nguvu mwishoni mwa mwaka 2025, mtu mwenye vipande vyake vya DDR4 nyumbani alijikuta ameshika mali. Itakuwa hasara kubwa kuvikosesha kazi kwa sababu ya kununua ubao wa DDR5 bila kuangalia. Na kwa aina yoyote ile, vipande viwili vya gigabaiti nane ni bora kuliko kimoja cha 16, hasa kwa anayetegemea michoro ya ndani, maana michoro hiyo haina kumbukumbu yake yenyewe na inaazima RAM ya mashine.

Juu ya umeme, maneno mengi husemwa yasiyo na uzito. Nyaraka za Intel zinaonyesha kwamba i5-12400 inaweza kufika wati 117 kwa kilele, na mashabiki wa AMD hupenda kuitaja namba hiyo wakiilinganisha na wati 76, ambao ndio mpaka wa Ryzen 5 5600. Kwa kweli i5-12400 mara chache huufikia mpaka wake; ikifanya kazi nzito kwa viini vyote hukaa katika wati sitini na kitu hadi sabini na kitu, sawa na mshindani wake. Mashine inapokuwa imetulia, mtu akisoma au akiandika tu, Intel ndiyo hula kidogo zaidi, kwa sababu Ryzen 5 5600 imeundwa kwa vipande viwili vya silikoni vinavyowasiliana muda wote. Tukichukua tofauti ya wati 15 kwa saa kumi za kazi, siku 26 za mwezi, tunapata karibu uniti nne. Uniti moja tukiihesabu kwa shilingi 750, hiyo ni kama shilingi 3,000 kwa mwezi. Hakuna sababu ya kuchagua prosesa kwa kiasi hicho.

Uhusiano wa kweli kati ya umeme na uchaguzi huu uko kwingine. Usambazaji wa umeme ulipohamia kwa UEDCL, kampuni ya serikali, tarehe 1 Aprili 2025, baada ya mkataba wa kampuni iitwayo Umeme kumalizika, Yaka zetu (mita za kulipia kabla) ziliendelea kutumika na kukatika kwa umeme nako kukaendelea kuwa sehemu ya hesabu za kila mwenye ofisi. UPS ndogo inayobeba mashine isiyo na kadi pamoja na skrini moja inampa mtu muda wa kutosha kuhifadhi kazi na kuizima mashine kwa utaratibu, lakini UPS hiyohiyo ikiwekewa mashine yenye kadi inayofanya kazi nzito, itapiga kelele na kuzima kabla mtu hajaachia kipanya. Hilo nalo linaipa nguvu i5-12400 katika ofisi.

Nakuja kwa mpwa wangu, ambaye mpaka sasa huenda anasoma akidhani nimemsahau. Yeye ana ubao wa B450, Ryzen 5 1600 ya mwaka 2017, kadi ya RX 570 na RAM ya DDR4. Alikuja na orodha ya ubao mpya wa Intel na i5-12400F. Nilimwambia aichane. Soketi ya AM4, yaani tundu la prosesa kwenye ubao wake, ilidumu kwa vizazi vingi kuliko kawaida ya kampuni hizi, na ubao wake, ukishasasishwa BIOS (programu ya ndani ya ubao inayoiwasha mashine), unaipokea Ryzen 5 5600 bila kubadilisha kitu kingine chochote. Atalipia prosesa peke yake, na atapata ongezeko kubwa la kasi kwa kila uzi, kwa sababu kati ya kizazi cha 1600 na cha 5600 AMD ilibadilisha mpangilio mzima wa viini na kache. Kwake yeye, i5-12400 hata ingeuzwa nusu bei bado ingekuwa ghali, kwa kuwa ingekuja na gharama ya ubao.

Vilevile Ryzen 5 1600 haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Prosesa zote mbili za makala hii zimo katika orodha hiyo.

Kusasisha BIOS kunahitaji nidhamu. Kazi hiyo ifanyike kabla ya kuitoa prosesa ya zamani, kwa sababu ubao usioijua 5600 hautawaka na wala hautaonyesha ujumbe wowote. Mashine iwe kwenye UPS yenye betri nzima, kwa kuwa umeme ukikatika katikati, ubao unaweza kufa. Na faili lipakuliwe kutoka tovuti ya mtengenezaji wa ubao huohuo, kwa jina na toleo lake kamili. Baadhi ya mbao zina kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi hata bila prosesa, lakini nyingi za bei ya chini hazina. Mnunuzi wa B450 au A520 mpya ambayo imekaa dukani muda mrefu naye ahakikishe BIOS imesasishwa hapohapo, kabla ya kuibeba kwenda Gulu au Kabale ambako huenda asipate prosesa nyingine ya kuiwashia.

Tahadhari nyingine ni ya mikono. Pini za Ryzen 5 5600 ziko chini ya prosesa yenyewe, na za Intel ziko kwenye soketi ya ubao. Feni ya AMD ikiwa imekaa miaka kadhaa, dawa ya kupitisha joto hukauka na kuing'ang'ania prosesa, na anayevuta kwa nguvu huing'oa kutoka kwenye soketi iliyofungwa na kupinda pini. Mashine iwashwe kwanza ipate joto, kisha feni izungushwe taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinuliwa. Kwa Intel, anayekagua ubao uliotumika afungue soketi na kuiangalia kwenye mwanga kutoka pembe kadhaa, maana pini moja iliyopinda inaweza kuua nafasi moja ya RAM na muuzaji akadai kwamba tatizo ni RAM yako.

Kwa anayefikiria kuboresha baadaye, soketi zote mbili zimefika mwisho wa safari: AMD ilihamia AM5 mwaka 2022 na Intel ikahamia LGA1851 mwaka 2024. Mwenye AM4 bado anaweza kupanda hadi Ryzen 7 5700X3D au 5800X3D, zenye kache ya megabaiti 96, akizipata kwa bei ya maana. Mwenye LGA1700, soketi ya i5-12400, anaweza kwenda kizazi cha 13 na cha 14, lakini asiweke prosesa kubwa kwenye H610 yenye sehemu dhaifu ya umeme. Prosesa kubwa za vizazi hivyo zilikuwa na tatizo la volteji lililoziharibu polepole, ambalo Intel ililikiri mwaka 2024 na kulitolea masasisho kupitia BIOS, kwa hiyo anayenunua iliyotumika ana sababu ya kusita. Kizazi cha 12, ambacho ndicho cha i5-12400, hakikuhusika.

Dukani, niombe jambo moja kwa atakayenunua. Prosesa zisizo na sanduku huuzwa kwa bei ya chini kidogo, lakini huja bila feni, na udhamini wa miaka mitatu ambao Intel na AMD huutoa kwa zile za sandukuni hauzihusu. Bei ya feni ikiongezwa, unafuu huo hupungua sana. Kwa aliyechukua i5-12400, jina lisomwe juu ya bati la prosesa yenyewe, si kwenye risiti wala kwenye karatasi iliyobandikwa rafuni, kisha skrini ichomekwe kwenye ubao na mashine iwashwe mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Ikiwa kuna F, itajulikana papo hapo, kwa sababu hakuna kitakachoonekana kwenye skrini.